Mtwale Alikufa Mwaka Gani?

Bibi yangu amezikwa Kibondo, kwa kaka zake, kwenye ardhi aliyozaliwa. Hakutaka kuzikwa huko. Alitaka kuzikwa Kasulu, upande wa Kagerankanda, kwenye kilima alikolala mume wake, na aliyemkatalia ni mtu niliyemwita baba tangu sijui hata kujifunga kitenge. Nayasema haya mapema ili usije ukangoja watu wakumbatiane mwishoni. Hawakukumbatiana. Mimi mwenyewe mpaka leo nikipita njia ile nageuza uso.

Mume wa Bibi alikuwa mtwale. Kwa asiye wa kwetu nieleze: mwami ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi, na chini yake walikuwako watwale, kila mmoja na milima yake na watu wake na kesi zake za ng'ombe zisizokwisha. Babu alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa alimzalia mtoto wa kiume, ndiye huyo Baba Mkubwa nitakayemsema. Mke mdogo, msichana wa Kibondo, ndiye bibi yangu. Yeye alimzaa baba yangu, ila alimzalia kwao, kwa sababu alirudishwa akiwa na mimba.

Alirudishwa. Neno hilo nililisikia kabla sijajua maana yake. Hadithi waliyotusimulia ilikuwa hivi: Babu aliugua, akalala ndani, na Bibi akaambiwa aende kwao mpaka mzee apate nafuu. Akiwa kule Kibondo zikamfikia habari kwamba mzee amebatizwa kitandani. Na kwa kuwa mbatizwa hana ruhusa ya wake wawili, katekista alimwuliza anabaki na yupi, naye akamtaja mke mkubwa. Yule wa Kibondo nimemwacha, akasema, akae kwao. Baada ya hapo akafa. Ndivyo ilivyojulikana, na hakuna aliyebisha.

Bibi hakuolewa tena, na wala hakusamehe. Likizo nilipokuwa napelekwa kwake, nilimkuta anapepeta ulezi huku anamtukana marehemu. "Mwanaume yule! Nimemkanda miguu, nimempikia uji, nimemwosha matapishi yake. Halafu ananiacha kwa mdomo wa mwalimu wa dini, hata kuniita anitazame hakuniita!" Ukimwambia Bibi, amekufa huyo, mwache apumzike, anakugeukia wewe. "Apumzike nini? Mimi nimepumzika?"

Lakini mtu huyohuyo, kila alipougua homa kidogo, alisema, "Nizikeni kwake." Tukimwuliza kwa nini, anajibu, "Nikamwulize nilimkosea nini." Shida ni kwamba kwetu mwanamke aliyeachwa hazikwi kwa mume. Mjane anazikwa, hata kama ameishi mbali miaka yote. Aliyeachwa, thubutu! Ukoo wa mume hautoi hata jembe la kumchimbia. Bibi alilijua hilo vizuri kuliko sisi, na bado aliomba.

Sasa miaka ya sabini, operesheni ya vijiji ilipofika kwetu, tulishushwa kutoka milimani tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Kilima cha Babu kikabaki mahame, migomba inajiotea yenyewe na nguruwe mwitu wanachimbua wanapotaka. Baba Mkubwa alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji, na kigangoni yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa waumini, na jambo hilo la kaburi lilimnyima raha. "Baba yangu atapotea kama mbuzi," alisema. Akaamua kulijengea kaburi kwa saruji, na kusimamisha msalaba wa saruji wenye maandishi. Saruji yenyewe ilikuwa haipatikani. Alihangaika nayo mpaka rafiki yake mmoja Mwislamu, mwenye duka pale Kasulu mjini, akampatia.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanachuo wa ualimu Kasulu, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika hapo. Na nilifikishwa na nani? Na yeye. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa kwingine, na Baba Mkubwa akanichukua akanilea pamoja na wanawe bila kunibagua. Siku ya kuanza chuo alifunga sanduku langu kwenye baiskeli yake akaisukuma njia nzima, mimi nafuata nyuma mikono mitupu, akikutana na watu anawaambia, "Mnamwona mwalimu wangu?" Nilimpenda, jamani. Nisiseme uongo kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Kwa hiyo Jumapili moja aliponiita akaniambia ana kazi ya mtu aliyesoma, nilivimba kichwa. Kazi yenyewe ilikuwa hii. Msalaba wa zamani, wa mbao, uliowekwa na watu wa misheni, ulikuwa na mwaka wa kufa kwa Babu. Wazee wa ukoo walikuwa wakisema mwaka huo si wenyewe, mzee alikufa mwaka mmoja nyuma. Walibishana kila walipokutana kwenye pombe, na fundi alikuwa anangoja aambiwe aandike nini ndipo akoroge saruji.

"Zunguka," Baba Mkubwa akaniambia. "Waulize wote. Utakaouleta wewe ndio nitakaouandika, na anayebisha akabishane na chuo."

Mwaka wa kuzaliwa haukunisumbua. Kila niliyemwuliza alijibu, "Alizaliwa kabla Wadachi hawajafika," na zaidi ya hapo hakuna aliyejua, hata mama yake asingejua. Kazi ilikuwa kwenye mwaka wa kufa.

Nilianza na katekista. Alikuwa amezeeka, anakaa karibu na misheni, na alifurahi kuulizwa. Alisema alimbatiza mtwale wakati wa mvua, maharage yakiwa yametoa maua, anakumbuka kwa sababu baiskeli ilikwama kwenye tope akaibeba begani. Msiba ulitangazwa baadaye, watu walipokwisha kuvuna maharage hayo, na kwa kalenda mwaka mpya ulikuwa umeingia. Huo ndio mwaka ulioandikwa msalabani.

Nikamwuliza mgonjwa alikuwa katika hali gani. "Sikumwona vizuri," akasema. "Mtwale mgonjwa hatazamwi usoni, ndiyo ilivyokuwa. Walimfunika gubigubi, wakaniachia utosi wa kumwagia maji. Sauti ilikuwa ya mtu aliyebanwa na mafua. Lakini alinishika mkono, mwanangu, alinishika kwa nguvu! Nikasema, neema ya Mungu hiyo."

Nikamshukuru, nikaondoka. Sikutia neno hilo la mkono maanani hata kidogo.

Kisha nikaenda kwa mzee mmoja wa ukoo ambao kazi yao toka enzi ilikuwa kuzika watwale. Alikuwa amehamishiwa kijiji chetu hichohicho, nyumba ya mwisho, na hakuwa mwepesi wa maneno. Nilimpelekea tumbaku. Alivuta kwanza, akanitazama sana, ndipo akasema, "Kiangazi. Alikufa kiangazi, nyasi zimechomwa, ardhi ngumu, bibi yako hata Kibondo hajafika. Tulimwagia kaburi maji ndipo jembe likaingia. Tulimfunga kwenye ngozi ya fahali tukamlaza."

"Lakini katekista anasema msiba ulikuwa baada ya maharage."

"Msiba, ndiyo. Kufa, hapana." Akacheka kidogo aliponiona nimekodoa macho. "Nyinyi watoto wa shule hamjui. Mtwale akifa majembe yanalala. Hakuna wa kulima, hakuna wa kupanda, mpaka matanga yaondolewe. Sasa mtu anakufa kiangazi, mbegu ziko ghalani, mvua inanukia. Ukitangaza, nani atapanda? Nchi ife njaa kwa sababu ya mtu ambaye mwenyewe haoni njaa tena? Tulinyamaza. Moto ukawashwa ndani mwake kila siku, chakula kikaingia, vyungu vikatoka vitupu. Watu wakalima, wakapanda, wakapalilia, wakavuna. Ndipo tukalia."

"Na chakula alikula nani?"

"Binti, wenye njaa huwa hawakosekani."

Haki ya nani, nilitoka pale natamani kuruka. Ubishi wa miaka yote nimeumaliza! Wazee hawakusema uongo, walihesabu toka alipoingia ardhini. Misheni nayo haikusema uongo, ilihesabu toka watu walipolia. Mwaka wa kweli wa kufa ni ule wa nyuma, wa kiangazi. Nilitembea barabarani nikijisomea jibu langu kwa sauti, nikifikiria jinsi Baba Mkubwa atakavyonisifu mbele ya wazee.

Nilikuwa nimefika kwenye daraja la miti ndipo miguu ikasimama yenyewe. Alikufa kiangazi. Alibatizwa wakati wa mvua. Aliyebatizwa ni nani? Aliyeulizwa habari ya wake, akasema yule wa Kibondo nimemwacha, alikuwa nani?

Watu walinipita wananisalimu, siitikii.

Nilimkuta Baba Mkubwa kwenye migomba yake anakata majani makavu. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa chuoni, katekista hivi, mzee hivi, na nikamwuliza swali langu. Hakuacha kukata.

"Mimi," akasema. "Ulidhani nani?"

Nilikaa chini pale pale kwenye majani.

Akanisimulia bila haya, tena anachekacheka, anavyosimulia mtu ujanja wa ujanani. Mzungu wa boma alikuwa ameanza kuuliza habari za mtwale mgonjwa. Nyumba ya baba mdogo nayo ilikuwa inakitaka kiti. Kama ingejulikana mzee amekwisha kufa kabla wazee hawajakubaliana juu ya mrithi, basi kiti kingekwenda kwa hao wengine. Mara siku hiyo katekista akatokea bila taarifa, ameambiwa mtwale yu mahututi, amekuja kumbatiza. Kumfukuza kungeleta maneno. "Wakaniambia, lala. Nikalala. Wakanifunika blanketi zote za nyumba ile. Nilitoka jasho mpaka mkeka ukalowa. Akanimwagia maji, sawa. Akaomba, sawa. Mara akauliza habari ya wake."

"Ungenyamaza!"

"Nilikohoa. Nikakohoa sana. Akangoja nimalize, akauliza tena." Sasa ndipo aliposimamisha panga. "Niambie wewe, mwanangu. Mmoja alikuwa mama yangu aliyenizaa, yuko nje ya mlango anasikia. Ungenitaka nimwache mama yangu?"

  Hilo nikaliacha, nikashika jingine. "Na baada ya hapo? Ulipokwisha kuamka? Umekaa miaka yote hii, Bibi anamlaani mtu ambaye hakutamka neno, na wewe unajua?"

"Bibi yako alikuwa msichana. Tulijua ataolewa."

"Hakuolewa."

"Hilo sasa si kosa langu."

Nikalia. Nililia kwa hasira, maana mimi nikikasirika machozi hutangulia maneno, jambo linaloniudhi sana. Akanisogelea, akaniinua, akanipangusa majani kwenye kitenge kama alivyokuwa akinipangusa vumbi nilipokuwa mtoto. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kusukuma baiskeli. "Basi, mwanangu. Basi. Umenishinda. Nitaandika mwaka wa kiangazi, mwaka wa kweli. Ukiandikwa huo, kila mwenye akili atajua kwamba marehemu hakumwacha mtu. Bibi yako atakuwa mjane wa mtwale, na siku yake ikifika atalala pale ubavuni. Mlete siku ya kubariki kaburi. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, ili aheshimike. Ila wewe usimwambie kitu. Neno kama hili hutoka kwa mkubwa."

Mimi nikaona ni sawa. Nikaona ni adabu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa tangu utoto, ingenijia vipi akilini kwamba ina kunguni?

Nilikwenda Kibondo kumchukua Bibi. Nilimkuta ameanika ulezi, nikamwambia kaburi linabarikiwa na Baba Mkubwa ana neno la kumwambia mbele ya watu.  Akaanza kunihoji. Neno gani? Zuri au baya? Mbona sasa? Nikasema, "Bibi, utasikia, si la kusemwa na mtoto." Midomo ilikuwa inaniwasha, jamani, lakini niliibana.

Asubuhi ya kuondoka alitoka amejipaka mafuta, amevaa kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kuzikiwa, na kwapani ana mkeka. "Mkeka wa nini, Bibi? Tunalala kwa watu."

"Nikiambiwa nibaki, nitalalia nini?" akasema, na akapanda lori la maharage mbele yangu, anamfokea utingo kwamba asimshike kiuno, yeye si gunia. Njia nzima alikuwa amechangamka. Alinionyesha mahali walipopumzika siku alipoletwa bibi harusi, akanicheka kwamba mimi na chuo changu bado sijapata hata mtu wa kunionyesha njia. Sijawahi kumwona vile kabla ya siku ile wala baada yake.

Kilimani watu walikuwa wengi. Walikuwa wamefyeka mahame yote, kaburi jipya limefunikwa shuka jeupe, kwaya ya kigango imesimama upande mmoja, padri upande mwingine. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, kama inavyopasa. Bibi akaelekea huko huko na mkeka wake. Kijana mmoja akamwahi, akamshika mkono kwa heshima zote, akampeleka kwenye viti, walikokaa mwenye duka wa Kasulu na wakubwa wa wilaya. Kiti cha wageni! Bibi akakaa ukingoni mwa kiti hicho, mkeka mapajani, akanitazama. Nami nikamwashiria avumilie.

Padri akaomba, akanyunyiza maji. Baba Mkubwa akatoka mbele na suti yake, akalivuta lile shuka.

Nilikuwa karibu, nikasoma. Fundi alikuwa ameandika kwa msumari kwenye saruji mbichi, herufi kubwa nzuri. Ulikuwa mwaka wa misheni. Mwaka wa maharage. Nikafumba macho nikayafumbua, ukabaki huo huo, na saruji ilikuwa imekauka siku nyingi. Alikuwa ameuandikisha kabla hata sijakwenda Kibondo.

"Ndugu zangu," akaanza, "mnajua tulikuwa na ubishi juu ya mwaka. Nikamtuma mwanangu huyu hapa, msomi wa chuo. Amezunguka kwa katekista, amezunguka kwa wazee, amechunguza kisomi. Na huu ndio mwaka alioupata. Mwanangu, simama wakuone."

Wakapiga makofi. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Mwaka si huu."

Makofi yalikuwa hayajaisha. Waliosikia ni wa karibu tu, nao wakageukiana. Nikarudia, "Mwaka si huu, na wewe unajua!" Baba Mkubwa akatabasamu kwa huruma, akawaambia wanawake, "Amezidiwa na furaha, mketisheni." Na wakaniketisha! Mikono kama sita ikanivuta kitenge, shangazi mmoja akininong'oneza nisimwaibishe baba yangu mbele ya padri. Nikamtafuta kwa macho yule mzee mzikaji. Alikuwa anatazama chini, anachimba ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Na tunamshukuru pia," Baba Mkubwa akaendelea, "mgeni wetu aliyetoka mbali, Kibondo, ambaye hapo zamani aliwahi kuishi hapa."

Aliwahi kuishi hapa. Nimesalitiwa mengine maishani, na mume nilipata kusalitiwa naye, lakini hakuna kilichowahi kunichoma kama maneno hayo matatu. Alivyonidanganya mimi lilikuwa jambo dogo. Alikuwa amenitumia kumleta Bibi mwenyewe, na mkeka wake, aje asikie kwa masikio yake kwamba ni mgeni, na kwamba aliyethibitisha ni mjukuu wake. Bibi alipofariki, miaka kadhaa baadaye, nilikwenda kuwaomba wamzike pale kilimani. Hawakugombana nami. Walinionyesha msalaba tu, wakasema, "Si mwaka ulioutafuta mwenyewe?"

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilijinasua kwa shangazi zangu nikaenda kwenye viti. Bibi alikuwa hajatikisika.

"Neno lenyewe ndilo hilo?" akaniuliza.

Nikapiga magoti, nikamwambia yote sikioni, kwa Kiha, bila kupunguza. Kiangazi. Ngozi ya fahali. Majembe. Blanketi. Nani alikuwa chini ya blanketi, na alijibu nini, na kwa nini. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Nilipoondoka alikuwa hai," akasema.

"Alikuwa hai. Mzee anasema alikufa ukiwa bado njiani."

"Kwa hiyo hakusema."

"Hakusema, Bibi. Alikuwa amekwisha kufa."

Akasimama. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Baba Mkubwa, mbele ya padri, mbele ya wakubwa wa wilaya, mfupi yule, akamtazama juu usoni. Watu wakadhani anakwenda kumpongeza. Mimi nilikuwa nyuma yake nikasikia kila kitu.

"Sema tena," akamwambia. "Kama ulivyosema siku ile. Sema nikusikie. Miaka yote hii nimejaribu kumsikia akilini akiyasema maneno yale, sauti yake ikanigomea. Nikafikiri nimeisahau sauti ya mume wangu. Nikamtukana mpaka kwa hilo. Sema, nijue nilikuwa naichukia sauti ya nani."

Baba Mkubwa alifungua mdomo. Naapa nilidhani atasema. Kitu kilipita usoni mwake, na kwa muda mdogo alikuwa yule mtu aliyenilea. Kisha akanyanyua mkono juu ya kichwa cha Bibi, akaiashiria kwaya.

Kwaya ikaimba. Ilikuwa kwaya nzuri, yenye sauti nne na ngoma, na watu wakaanza kupiga makofi na kujongea kaburini na maua.

Katikati yao Bibi akakaa chini kwenye udongo. Akafungua kilemba chake, akanyoosha miguu, akaanza kulia, kilio chenyewe cha mjane, kile kinachoanza kwa kumtaja mume kwa sifa zake moja moja. Habari za msiba zilipofika Kibondo zamani zile, kwao walimwambia aliyeachwa hana matanga, akaendelea kutwanga. Kwa hiyo hakuwahi kumlilia. Sasa alikuwa anamwomba radhi kwa kila tusi, anayataja matusi yenyewe, anamwambia sikujua, sikujua, hukuniambia kwamba umekufa. Watu walimpita pembeni wakiangalia wasimkanyage, wanafikiri ni bibi kizee aliyeguswa na wimbo.

Nilikaa chini karibu yake. Mume wake alikuwa amekufa saa ile ile, na hakuna mwingine aliyekuja kumpa pole.